Vijiti Vitano vya Bwana Miti

Nianze kwa kukiri, maana mama anasema ukweli ukichelewa unanuka kama perege wa juzi. Ni mimi niliyehamisha vijiti vya Bwana Miti. Vilikuwa vitano, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, vimechomekwa kwenye uwanja wetu hapa Mlabani kuanzia usawa wa kona ya nyumba hadi karibu na mgomba. Nilivihamisha mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani anakunywa uji wa mama. Nilivisogeza hatua tatu tatu kuelekea nyumba yetu, nikarudi kukaa kizingitini, nikafungua daftari la Bayolojia, nikakunja uso kama mtu anayefikiria figo.

Sababu ninayo, ila si nzuri. Nilitaka kumpima. Mtaa mzima ulikuwa unamshuku yule mzee, na mimi niko kidato cha tatu mchepuo wa sayansi, tunafundishwa kutafuta ushahidi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: akiwa mchawi, atajua vijiti vimeguswa. Asipojua, si mchawi, ni tapeli tu. Kwamba kuna jibu la tatu halikunijia kabisa. Kichwani mwangu nafasi ni chache na nyingi zimeshikwa na mpira.

Bwana Miti ndivyo tulivyomwita wote, wakubwa kwa wadogo. Alihamia mtaani kwetu nikiwa darasa la nne, akitokea Uchindile, alikokuwa msimamizi wa kitalu kwenye mashamba ya miti. Miche ya mipaina na mikaratusi iliyopita mikononi mwake, akiisimulia, unaweza kusinzia na kuamka hajafika katikati. Yote miti ya kigeni, imesimama kwa mistari kama sisi kwenye paredi ya asubuhi. Halafu mtu huyohuyo alipostaafu akanunua kiwanja Mlabani na kutangaza kwamba kwake mti wa kigeni hautii mguu. Jirani mmoja alimpelekea mche wa mwarobaini, zawadi ya kumkaribisha. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kesho yake akaurudisha ukiwa umemwagiliwa vizuri.

"Huyu ni mgeni," akamwambia. "Kosa hana. Ila mgeni humpi chumba cha mwenye nyumba."

Maneno yale yalizunguka mtaa kabla jua halijafika utosini. Sasa Ifakara hii nusu ya watu ni wa kuja. Wapo waliofuata mpunga, wapo waliofuata samaki, wengine walifuata ng'ombe wao. Wakanuna wiki nzima wakidhani wamesemwa wao. Na yeye mwenyewe alikuwa na miezi miwili tu mtaani!

Embe za jirani, hata hivyo, alikuwa anakula mpaka zinamchuruzika viwikoni. Siku moja nikamshtaki hapohapo: "Babu, mwembe nao ni mgeni. Tumesoma shuleni."

Akafuta kidevu. "Huu umeshazoea," akasema, akaomba nyingine.

Na sebuleni kwake, juu ya meza, kulikuwa na maua ya plastiki. Mekundu, yana vumbi. Mtu anayekataa mwarobaini anafuga maua ya plastiki. Niliandika hilo kwenye faili.

Maana nilikuwa na faili. Kurasa za nyuma za daftari la Uraia, ambako mwalimu hafiki. Nilianza kuandika vituko vya Bwana Miti kwa mzaha, nikajikuta nimekolea. Cha kwanza kilikuwa viatu. Watu wote duniani huvua viatu wakiingia ndani. Yeye huvua akitoka nje. Mlangoni anaacha kandambili, anashuka uwanjani pekupeku, anatembea taratibu huku midomo inacheza kama anayehesabu kitu. Jirani yetu Mama Vitumbua, ambaye hukaanga vitumbua barazani na kukaanga watu humohumo kwenye karai, alisema mtu anayetembea pekupeku akinong'ona yuko na wenzake usiowaona.

Cha pili, salamu. Unampa shikamoo, anaitika marahaba, halafu anakuuliza, "Wa nani wewe?" Kila siku. Mtu amekuona miaka mitano, anakuuliza wa nani! Wakubwa walisema ni maringo ya mstaafu. Mimi nikageuza mchezo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Mimi Mkuu wa Wilaya."

"Karibu, Mkuu wa Wilaya. Mbona kiatu chako cha kushoto kinapiga makofi?"

Soli ilikuwa imeachia kweli. Nilitembea nyumbani nikikanyaga kwa pembeni, nikajiuliza amejuaje, maana hata hakuangalia chini.

Cha tatu ndicho kilichoutia mtaa mzima kiwewe: hafagii. Asiyejua kwetu aelewe kwanza. Mlabani, kabla wanafunzi hawajatoka kwenda shule, kila uwanja unakuwa umeshafagiwa kwa fagio la chelewa na mistari ya fagio inaonekana, imepangika kama nywele zilizochanwa. Uwanja usio na mistari saa moja asubuhi, majirani wanapiga hodi kuuliza nani anaumwa. Mama yangu anafagia kama mtu anayesaini hati. Ukikanyaga mistari yake kabla haijakaa, utajua nguo yako imeshonwa na nani.

Kwa Bwana Miti majani yalilala mpaka yakawa godoro. Ukoka umetambaa mpaka msingini. Huku mfuru, kule mtalawanda, miti ya porini kwetu, na pale maji ya bati yanapodondokea akapanda matete, ya mtoni kabisa, kama vile hana habari kwamba mto una kwake. Mlangoni, pande zote mbili, vichaka vya kivumbasi vinavyokupiga harufu kabla hujapiga hodi. Na njia! Uwanja wenyewe wa kupiga hatua thelathini, una njia tatu na kila moja ya kitu chake. Ya chooni pumba za mpunga, ya kisimani kokoto, ya barabarani vipande vya matofali. Nilichora ramani yake kwenye faili nikitafuta siri. Siri ilikuwepo, mimi ndiye sikuwa na akili ya kuisoma.

"Majani mlangoni ni tandiko la nyoka," Mama Vitumbua alisema. "Na anayemtandikia nyoka anamsubiri."

Nyoka, kwa kweli, sikuwahi kumwona pale. Niliona ndege ambao kwetu hawaji, na vipepeo, na mijusi iliyonenepa. Na kuna jambo jingine sikuliandika kwenye faili kwa sababu lilikuwa linaharibu kesi. Mvua kubwa zikipiga, mtaa wote ukageuka supu ya kahawia, kwake maji yalikuwa yanaingia yakikimbia na yanatoka yakitembea. Mengine hayatoki kabisa.

Hilo ndilo mama aliliona. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha kona. Chumba hicho kilikuwa na ufa chini. Mwaka juzi uliingia kalamu, mwaka jana kidole gumba, mwaka huu jogoo wa jirani alianza kuchungulia. Masika yalikuwa yananukia. Ukuta ule ukienda, cherehani haina pa kukaa, na cherehani ndiyo inatulisha na kunifanya niitwe mwanafunzi. Baba alishatangulia mbele ya haki siku nyingi. Kwa hiyo mama alijifunga khanga, akaenda kumwita mtu ambaye mtaa ulikuwa unavuka barabara kumkwepa.

Alikuja asubuhi. Akavua viatu kizingitini kwetu, akashuka uwanjani juu ya mistari mipya ya fagio, na mama akauma mdomo. Akazunguka nyumba yote akiburuta kiganja ukutani. Kwenye kona akachutama, akapapasa msingi kama daktari anayetafuta wengu.

"Mama," akasema, "msingi huu ulipojengwa ulikuwa chini ya ardhi. Leo nimeushika wote. Unajua udongo umekwenda wapi?"

"Maji, babu."

"Maji na fagio lako. Kila asubuhi unakwangua kidogo, mvua inakuja kusomba ulichokwangua. Mnaifagia nyumba yenu kidogo kidogo mpaka barabarani."

Sijawahi kuona mtu anamwambia mama kitu kuhusu fagio lake akabaki na meno. Mama akatazama mistari yake, akatazama msingi, akasema, "Nifanyeje?"

Alichofanya Bwana Miti ndicho kilichokamilisha faili. Kwanza aliomba majivu. Akayamwaga kwa mistari kukata uwanja, upande huu hadi ule, akasema tusubiri mvua. Manyunyu yakapita jioni hiyo. Kesho yake akarudi, akapiga magoti, akaweka uso karibu kabisa na ardhi, pua inagusa tope, akayafuata majivu yalikosombwa, hatua kwa hatua, akinong'ona. Halafu akamwomba mama vitambaa.

"Vyekundu tu," akasema. "Rangi nyingine usinipe."

Majivu. Vitambaa vyekundu. Pekupeku. Kunong'ona. Mama Vitumbua alizima moto wake kabisa akaja kusimama kwenye uzio wetu na mwiko mkononi.

"Mama Kelvin," akamwita mama, kwa jina langu, kwa sauti anayodhani ni ya chini. "Umemleta mwenyewe? Kwa miguu yako?"

"Anapima maji," mama akasema.

"Maji yanapimwa kwa ndoo."

Mama akacheka kidogo, lakini niliona anavyokunja khanga vidoleni. Hata yeye alikuwa na shaka. Tofauti yake na sisi ni kwamba ukuta ulikuwa wake.

Mpango wenyewe, Bwana Miti aliueleza vizuri tu. Vijiti vile vitano vilionyesha mahali pa kuchimba mfereji wa kupinda, usio na haraka, wa kuyakatiza maji ya bati na ya uwanja kabla hayajafika ukutani, uyapeleke kwenye bwawa dogo la bakuli chini ya mgomba. Humo atapanda matete na vitu vya bondeni vinavyopenda kulowa. Uwanja mwingine utavaa ukoka, na pembeni mfuru mmoja wa kivuli. "Tunairudishia ardhi nguo zake," alisema. "Nguo zake yenyewe. Sio mitumba."

Mama akamkaribisha uji. Nilichofanya wakati wa uji mmeshakijua.

Alipotoka, nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Akasimama kizingitini, akaelekeza uso kwenye vile vyekundu, akatikisa kichwa kukubali. "Haya kijana," akasema. "Shika jembe. Fuata vijiti."

Basi, nikajiambia, tapeli! Kesi imefungwa. Na nikachimba. Nilichimba mfereji mzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa hiari, unapinda kwa madaha, unaelekea moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha mama. Nilikuwa nacheka peke yangu kila nikitupa udongo. Mtu anayeamini kwamba vijiti ni maigizo hajali vinaelekea wapi.

Mvua ilikuja Jumamosi mchana, ile ya Kilombero isiyopiga hodi. Chini ya bati tulikuwa tunaongea kwa ishara. Nilichungulia dirishani nikaona maji yameuona mfereji wangu, yameupenda, yanakuja mbio yote, yamepanga mstari. Yalipofika kwenye kona hayakusita. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mzima amekaa chini ghafla. Kona ya chumba ikameguka kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, matofali yakalala kwenye tope, na sare nyeupe za watoto wa watu zikawa za kahawia. Tuliwahi cherehani tu, mama kashika upande wake na mimi wangu.

Mvua haijakata, watu wameshajaa. Mama Vitumbua alikuwa wa kwanza, kajifunika sinia kichwani.

"Si nilisema? Semeni kama sikusema!"

"Aitwe mwenyekiti wa mtaa," mwingine akadakia. "Mtu anabomolea wajane nyumba!"

Bwana Miti akaja. Hakuna aliyemwita, nadhani alisikia. Akapita katikati ya watu, miguu ndani ya maji, mikono mbele. Akaufuata mfereji akiwa ameinama, akakifikia kijiti cha kwanza, akakishika. Akakishika muda mrefu. Akaenda cha pili. Vyote vitano, kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema sasa anataja. Sasa hivi ananyosha kidole.

Akasimama wima. "Mama, nisamehe," akasema. "Kosa langu. Macho yangu hayaoni. Huu mwaka wa tatu. Naona mwanga, naona chekundu kama kipo, basi. Nilificha."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mama Vitumbua akashusha sinia. Na faili langu lote, kurasa kumi na moja, likaanza kujisoma lenyewe kichwani mwangu kwa sauti nyingine: pekupeku, kunong'ona, wa nani wewe, pua kwenye tope, njia tatu za vitu vitatu. Hata maua ya plastiki yalikuwa mekundu.

Ningeweza kusema hapohapo. Sikusema. Wiki saba sikusema.

Wiki hizo mama alifagia kwa hasira. Tuliziba kona kwa turubai, tukaegemeza ukuta kwa nguzo za mikaratusi, na cherehani ikahamia kitandani kwangu, mimi nikahamia sakafuni. Mama alikuwa anamsalimu Bwana Miti lakini hakumkaribisha uji tena. Wachache waliokuwa wamemwiga kimyakimya kwenye viwanja vyao walighairi. Mmoja aling'oa mpaka ukoka uliokuwa umeshashika. Halafu tukasikia kwamba binti yake anayekaa Mkula, aliyekuwa akija sikukuu kwa sikukuu na hajui lolote kuhusu macho, amepata habari. Anakuja Jumapili kumchukua. Kipofu haishi peke yake, alisema, na nani angembishia? Kiwanja kitapangishwa. Mpangaji alikuwa ameshakuja kuangalia, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ataruhusiwa kufyeka.

Alhamisi nikaenda. Nilipita njia ya matofali na kivumbasi kikaniwahi. Alikuwa amechutama mlangoni anachuma majani yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mkuu wa Wilaya leo anatembea polepole." Hakuuliza wa nani.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikatoka sentensi moja. "Babu, vijiti ni mimi."

Akaendelea kuchuma. "Mimi kijiti nakilaza kidogo," akasema. "Kichwa kinatazama maji yanakotoka. Vyako vilisimama kama nguzo za goli."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilipovishika."

"Sasa mbona ulisema ni macho?"

"Nilidanganya? Ningekuwa na macho ningeona kabla hujachimba." Akanusa majani, akatupa moja. "Na mama yako alikuwa ameshaangukiwa na ukuta. Nimwongezee na mtoto?"

Akaingia ndani akatoka na vikombe viwili vya chai, kivumbasi kinaelea. Nitasema ukweli wote: nilikitazama kile kikombe. Mtu niliyemharibia jina, nyumba na uzee ananipa kinywaji nisichokijua, tuko wawili tu. Nikasubiri anywe kwanza.

"Chukua changu," akasema, "kama unakiogopa hicho."

Nilikunywa changu. Kilikuwa kitamu, na kiliniunguza ulimi, na nadhani hilo alilikusudia.

"Huko Mkula utapanda nini?" nikamuuliza.

"Uwanja wa binti yangu una sementi. Atanipa kiti." Akatafuta ukuta kwa mkono, akauegemea. "Hapa nilipanda macho yakiwa yanaaga. Kila kitu nilikiweka ambapo mguu utakikuta. Kule nitakuwa nakaa. Anayekaa hapotei."

Alisema kwa upole, kama anayenisaidia nisijisikie vibaya. Ndiyo nikajisikia vibaya.

Nilimkuta mama uwanjani na fagio, anachora mistari yake ya jioni kuuzunguka ule mfereji niliouchimba. Nikasimama juu ya mistari, makusudi, ili nisiweze kurudi nyuma. Nikamwambia yote. Uji, hatua tatu tatu, nguzo za goli, alichosema mzee kuhusu kumwongezea mtoto, binti wa Mkula, Jumapili, kiti cha kwenye sementi. Mama Vitumbua aliacha kukaanga. Mama hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliusimamisha ufagio kwenye ukuta uliobaki, akajifunga khanga upya, akaniangalia usoni kama anatafuta mahali pa kuingiza sindano. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Una macho mawili mazima na hujayatumia tangu nikuzae. Kuanzia kesho ni ya babu yako, na huyo binti akija Jumapili, ayakute kazini."